Kwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, Old Goa: kampuni hii msiipe pesa zenu (au mpeni dereva peke yake)

Sifichi hasira yangu. Kampuni iliyotupeleka Old Goa, India, kwenye mwili wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari, sitaitaja jina, lakini anayefikiria kulipia hizi ziara za nusu siku kutoka Panaji, mji mkuu wa Goa, asome kwanza haya, kisha ajiulize kama pesa zake ameziokota.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Kwetu, ukishuka kuelekea baharini, kuna kikanisa cha Wareno chenye kuta nyeupe na paa la makuti, na makaburi uani. Tangu mafundisho ya komunio ya kwanza tuliambiwa kwamba Ksaveri alipita kwetu mwaka 1542 akielekea India. Na hayo si maneno ya vibarazani. Aliyaandika mwenyewe, katika barua aliyoituma kutoka Goa mwezi Septemba mwaka ule ule. Anaeleza kwamba Malindi ni mji wa Waislamu wenye urafiki na Wareno, kwamba karibu na mji kuna msalaba mkubwa wa mawe, kwamba mtu mmoja wa merikebu yao alifariki wakamzika pale, na wenyeji wakapendezwa na jinsi maiti alivyostahiwa. Halafu kuna mzee mmoja mheshimiwa wa mji aliyemwuliza kama kwao Wakristo watu bado hujaa makanisani, kwa sababu Malindi ibada ilikuwa imepoa: misikiti 17, inayoswaliwa 3 tu. Wakazungumza, hawakukubaliana, wakaachana kila mtu na lake. Mimi niliyekulia mtaa mmoja na Waislamu, tukipelekeana sahani za futari na za Krismasi, kipande hicho nakipenda kuliko miujiza yote inayosimuliwa juu yake.

Basi mnaelewa nilikwenda na nini moyoni.

Basilika ya Bom Jesus kwa nje ni mawe mekundu matupu, haina chokaa. Ndani, upande wa kulia wa altare, ndipo ulipo mwili wake. Kaburi la marumaru lililochongwa Firenze kwa gharama ya mtawala wa Toscana, likakamilika mwaka 1698, na juu yake jeneza la fedha lililofuliwa na mafundi wa Goa wenyewe miaka ya 1636 na 1637. Mwili uko juu sana, unaona kidogo tu kupitia kioo. Machozi yalinitoka, siwezi kudanganya. Kwa dakika hizo chache ningeipa ziara nzima nyota zote.

Kisha mwongozaji wetu akaanza kuongea. Na alichokuwa nacho cha kuongea ni kidole! Kile kisa kinachosimuliwa cha mwanamke aliyembusu mtakatifu miguu akamng'ata kidole ili aondoke na masalia, yaani kipande cha mwili wa mtakatifu. Alikisimulia kwa kukizungusha na kukirudia, akionyesha kwa meno yake mwenyewe, watu wanacheka mbele ya jeneza. Akaingia kwenye mkono wa kulia uliokatwa mwaka 1614 ukapelekwa Roma, nao ukawa kichekesho. Kuhusu mtu mwenyewe, kimya. Hakusema kwamba aliacha jumba la ukoo wake Navarra na usomi wake Paris. Hakusema kwamba hapo hapo Goa alikuwa akipita mitaani na kengele mkononi akiwaita watoto na watumwa waje kufundishwa sala, wala kwamba alikaa na wavuvi wa pwani ya Watamil akiwaimbisha sala kwa lugha yao. Japani, alikofika Agosti 1549, ilipewa sentensi moja.

Nikasubiri amalize. Nikamwuliza kwa adabu zote, kwa sauti ya chini kwa sababu tulikuwa kanisani, kwa nini hakugusia Afrika, maana mtakatifu huyu alikaa miezi kadhaa Kisiwa cha Msumbiji akiwahudumia wagonjwa wa merikebu mpaka naye akaugua, kisha akapita kwetu Malindi.

Akanikata kauli. "Madam, mtakatifu huyu hakukanyaga Afrika. Usiwachanganye wenzako."

Nikamwambia iko barua. Akacheka, akawageukia wageni wengine akawaambia kwamba watu wa kila nchi humdai mtakatifu awe wao, wazoee. Halafu akapiga makofi kama anayefukuza kuku, muda umekwisha, twendeni.

Jamani, merikebu za Wareno kutoka Lisbon kwenda Goa zingepita wapi? Angani? Aliondoka Lisbon Aprili 1541, akafika Goa tarehe 6 Mei 1542. Mwaka mzima na ushei! Mtu anayelipwa kueleza safari za msafiri huyu hajawahi kujiuliza mwaka ule wote aliumalizia wapi? Kutojua ningekusamehe, kila mtu ana asichokijua. Kunitahayarisha mbele za watu, mbele ya masalia, kwa jambo linalonihusu mimi na kwetu, hilo sikusamehe hadi leo.

Na tulikuwa tunawahi wapi? Duka la korosho. Tulikaa kwenye duka la korosho muda mrefu kuliko tuliokaa kwa mtakatifu. Korosho! Mtu wa Pwani umpeleke India akaonyeshwe korosho.

Njiani kijana mmoja wa Kihindi katika kundi letu akauliza swali ambalo nami lilikuwa linanikereketa: je, ni kweli Ksaveri ndiye aliyemwomba mfalme wa Ureno alete Goa baraza la kuhukumu wazushi? Mwongozaji akasema hayo ni siasa. Hapana, si siasa. Aliomba, katika barua ya mwaka 1546. Baraza lenyewe lilikuja mwaka 1560, yeye akiwa ameshakufa miaka minane, likawatesa watu wa Goa, pamoja na wale waliobatizwa wakakutwa bado wanafuata mila za nyumbani kwao, hadi likafutwa kabisa mwaka 1812. Mimi ni Mkatoliki, namwomba huyu mtakatifu aniombee, na hiyo barua inaniuma. Lakini nataka kuambiwa. Yule kijana alistahili jibu la mtu mzima. Mkimficha Ksaveri wa barua ile, na mkamficha Ksaveri wa hospitali ya Msumbiji, mnabaki na kidole tu.

Sasa niseme la haki. Dereva wetu, mzee wa makamo, Mhindu, alisikia yote kupitia kioo chake akanyamaza. Tuliposhuka Panaji akaniita dada, akaniuliza Malindi iko wapi hasa. Nikamchorea pwani kwenye vumbi la boneti ya gari. Akaniambia mama yake kila mwaka huenda novena, sala za siku tisa, ya Old Goa kabla ya sikukuu ya tarehe 3 Desemba, Mhindu vile vile, kwa sababu kwao Ksaveri ni Goencho Saib, bwana wa Goa, na bwana hamwulizi mtu dini. Kesho yake alfajiri, bila kampuni kujua, akanirudisha basilika. Alivua viatu mlangoni. Nilikaa nikasali rozari yote bila kupigiwa makofi. Nauli aliyotaka ilikuwa ndogo mno, nikamwongezea kwa nguvu.

Kampuni niliiandikia. Baada ya muda mrefu wakajibu kwamba wanasikitika "ziara haikukidhi matarajio" na wananipa punguzo kwa ziara nyingine, ya fukwe. Fukwe! Niliwaomba kitu kimoja tu, yule bwana aisome ile barua ya Septemba 1542. Hilo hawakuligusa.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Nikikumbuka ile alfajiri napandisha hadi tatu. Nikikumbuka yale makofi narudi kwenye moja, na hapo ndipo nitakapobaki. Old Goa nendeni, tena nendeni wengi mliotoka Malindi, Mombasa na Msumbiji. Mabasi ya kawaida kutoka stendi ya Panaji yapo na ni rahisi. Mkiwa mbele ya lile jeneza mkasikia mtu anasema mtakatifu hakufika kwetu, mjibuni hapo hapo, hata akipiga makofi.