Kiungio cha kugawa uzito wa trela: pima ulimi kabla ya kutoa pesa

Wasomaji wanaokokota trela za kambi na za farasi kutoka Nairobi wameniletea lalamiko lilelile: gari lilikuwa likiinua pua, wakauziwa kiungio cha kugawa uzito, yaani kifaa cha kuunganisha trela na gari chenye nondo za springi, na sasa gari limenyooka lakini trela inalitikisa vibaya kwenye kila tuta. Wengi waliambiwa dukani kwamba kifaa hicho hupunguza uzito wa ulimi, ile sehemu ya mbele ya trela inayofungwa kwenye gari. Hakipunguzi.

Uzito ambao ulimi wa trela hulikandamizia tufe la kukokotea, ambao kwa kawaida hupendekezwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela iliyopakiwa, hutokana na jinsi mizigo ilivyopangwa mbele na nyuma ya ekseli yake. Chukua ulimi wa kilo 200 nyuma ya Prado 150, ambayo ekseli zake zimeachana kwa milimita 2,790: tufe likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele hupoteza takriban kilo 86 na ya nyuma huongezewa takriban kilo 286. Nondo za springi zikikazwa hurudisha sehemu ya mzigo huo mbele na kusukuma sehemu nyingine kwenye ekseli ya trela. Zifungue, upime tena, na ulimi utakuwa na kilo 200 zilezile. Ulimi mwepesi kupita kiasi, ambao huifanya trela iyumbe, hutibiwa kwa kupanga mizigo upya.

Uzito wa juu wa trela umeandikwa kwenye kila kisanduku, kwa hiyo nauacha. Kisichoangaliwa ni kwamba nondo huchaguliwa kwa uzito wa ulimi, ukijumlisha na mizigo iliyo ndani ya gari nyuma ya ekseli. Nondo za pauni 1,200, yaani kilo 544, zikifungwa kwenye ulimi wa kilo 200 hukataa kupinda, na kila shimo la barabarani hupigwa moja kwa moja kwenye fremu ya trela na ya gari. Mizani ya bafuni inatosha kupimia: laza ubao, ncha moja juu ya mizani na nyingine juu ya tofali, uushushe ulimi kwenye alama iliyo theluthi moja ya urefu wa ubao kutoka kwenye tofali, kisha zidisha kwa tatu kile mizani inachosoma baada ya kuondoa uzito wa ubao wenyewe.

Kwa sababu hiyo, kati ya viungio vinavyouzwa naweka Blue Ox SwayPro ya kwanza, na sifichi upendeleo wangu: nondo zake huuzwa kwa daraja nyingi, zikiwemo za pauni 350 na 550, hivyo hata trela ndogo hupata zinazoifaa. Ya pili ni Equal-i-zer, imara na isiyotumia minyororo, ingawa nondo zake husugua chuma kwa chuma na hupiga kelele kwenye kona. Andersen ni nyepesi na tulivu, lakini hurudisha uzito mdogo zaidi mbele, kwa hiyo ni ya tatu. Vile vya bei rahisi, vyenye kizuizi kimoja cha msuguano cha kuzuia trela isiyumbe, ambacho mara nyingi hulazimu kufunguliwa kabla ya kurudi nyuma, vinafaa tu kwa asiye na haraka.

Kabla ya kulipa, hakikisha chuma cha kukokotea cha gari kina tundu la mraba, na kwamba kiungo cha trela kinalingana na tufe, kwani tufe la Kimarekani la inchi 2 lina milimita 50.8 ilhali trela nyingi za hapa zimetengenezwa kwa milimita 50.

Linaloniudhi ni wauzaji wanaoagiza nondo za daraja moja tu, zile nzito kuliko zote, kisha wanamwambia mteja kwamba nguvu za ziada hazidhuru. Chuma hicho hulipiwa usafirishaji kwa kilo, kikatozwa ushuru na VAT ya asilimia 16 juu yake, na mteja anayetaka kukirudisha huambiwa risiti yake haihusiki na nondo zilizokwisha kufungwa.