TAHADHARI: Blanki za "kaboni 40T" zinazozungushwa WhatsApp, moja ni fimbo kuukuu, nyingine si kaboni kabisa

Wavuvi wenzangu, na hasa nyinyi mnaojifungia fimbo wenyewe: kuna muuzaji anazungusha blanki za fimbo za spining kwenye makundi ya WhatsApp hapa Pwani, akidai ni kaboni ya 40T (daraja la ukakamavu wa nyuzi, nitalieleza chini) kutoka kiwandani Japani. Nilinunua mbili kwake, zote mbili zilikuwa za uongo. Kaskazi iko mlangoni na watu wanajiandaa kwa kolekole, ndiyo maana naandika leo badala ya kukaa na aibu yangu.

Kwa asiyejua, blanki ni ule mrija mtupu wa fimbo kabla haujafungwa pete, kishikio na kiti cha rili. Ukikosea pete unakata uzi na kufunga upya. Ukikosea blanki, kazi yote imekwenda na maji.

Mteja wangu wa Shimoni alitaka fimbo ya kurushia popa (chambo bandia cha kuelea) kando ya mwamba, futi saba na nusu, vipande viwili iingie kwenye buti ya gari. Huyu bwana alikuwa nayo. Shilingi 14,500 moja, ushuru "umeshalipwa", picha safi, na video ya blanki imepinda upinde ikiwa imening'inizwa dumu la maji. Nikamuuliza ncha yake namba ngapi. Akajibu, "Ya kawaida tu, broo."

Hapo ndipo ningekata simu. Pete ya nchani huuzwa kwa namba, na kila namba ni sehemu moja ya 64 ya inchi: namba 5 ni kama milimita 2, namba 6 ni kama 2.4. Muuza blanki asiyejua namba ya ncha ni sawa na muuza viatu asiyejua saizi. Lakini bei ilikuwa imeshaniingia moyoni. Pesa alitaka kwenye namba yake binafsi, si till, na jina lililotokea kwenye M-Pesa silo analotumia WhatsApp. Ni la shemeji yake, akasema. Nikatuma 29,000.

Zilikuja kwa basi, ndani ya bomba la plastiki, zimefungwa vizuri kuliko bidhaa halali. Zote mbili zimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, nzito, kuanzia kitako hadi ncha. Blanki ya kaboni hutengenezwa kwa kuviringisha tabaka za kaboni yenye resini (gundi yake) kwenye chuma chembamba, zinakazwa kwa utepe, kisha zinaokwa. Utepe ukibanduliwa huacha mistari midogo ya kuzunguka. Viwanda vingine huisugua ikawa laini, lakini mara nyingi kinachofuata ni vanishi nyembamba au rangi nyepesi, si koti la rangi ya mlango. Alinijibu kwamba hiyo ndiyo "finishi ya Japani".

Kawaida yangu, kabla ya kufunga pete, nazishikiza kwa utepe, napitisha mshipi na kuvuta uzito taratibu nikiangalia blanki inavyopinda. Safari hii mteja ananiharakisha, nikaruka. Kosa hilo ni langu, na yeye nimemwambia hivyo.

Siku ya pili baharini, kwa samaki ambaye hata hakuwa mkubwa, fimbo ililia ta! ikakatika shibiri moja juu ya kishikio. Nilipoletewa vipande nikakwangua rangi. Chini yake palikuwa na duara za gundi ya epoksi ya zamani, pale pete za mwenyewe wa kwanza zilipokaa. Na pale ilipokatika, mkato wa wembe umezunguka karibu nusu ya mrija. Mtu alikuwa anavua uzi wa pete kuukuu, akakata na kaboni. Nguvu ya blanki iko kwenye nyuzi zinazokwenda urefu wake. Ukizichanja kwa upana, mzigo wote unajikusanya pale pale.

Nikaigeukia ile ya pili. Tangazo liliandika gramu 118, mizani ya jikoni ikasema 171. Nikasugua kitako kwa msasa (vaa barakoa, vumbi hili si la kuvuta), likatoka vumbi jeupe. La kaboni ni jeusi kama masizi. Nikaleta multimita, kile kipima umeme cha mafundi, kwa sababu kaboni hupitisha umeme na fibaglasi, yaani nyuzi za kioo, haipitishi. Mita haikutikisika. Sina ugomvi na fibaglasi, ni ngumu kufa, na kwa kukokota nyuma ya boti naipenda. Ugomvi wangu ni kuuziwa kwa bei ya kaboni.

Ukijaribu kipimo hicho, sugua hadi resini ya juu iondoke, la sivyo hata kaboni halisi itaonekana haipitishi. Na mita ikikubali usishangilie mapema, maana blanki ya kaboni iliyochanganywa na fibaglasi nayo hupitisha.

Kuhusu hiyo 40T, T ni tani kwa milimita mraba, na kinachopimwa ni ukakamavu wa nyuzi, si uzito fimbo inaoweza kuinua. T700 ya Toray, kampuni ya Japani ya nyuzi za kaboni, ambayo ni kaboni ya kuaminika, ni kama tani 23.5 (hiyo T ya mbele ni jina tu, si tani). M40J yao ni kama 38. Ukipanda huko unapata fimbo nyepesi na kali, lakini isiyosamehe ikigongwa kwenye ukingo wa boti. Kwa popa ya mwambani mimi nisingeitafuta 40T hata kwa bei halali. Tapeli anaipenda kwa sababu hakuna kifaa cha nyumbani cha kumsuta nacho.

Nilimtumia picha ya ule mkato. "Umeifunga vibaya," akasema, kisha akaniblock. Nilijaribu 456, ile ya kurudisha pesa za M-Pesa, lakini huduma ile ni ya aliyekosea namba, na pesa alishazitoa. Namba yake siiweki hapa kwa sababu haina faida: wiki iliyofuata alikuwa kwenye kundi jingine kwa namba nyingine, video ileile ya dumu. Mtamjua kwa maswali. Mwombe kipenyo cha kitako kwa milimita. Mwombe picha ya blanki kando ya karatasi yenye tarehe ya leo, na kitako kikiwa kimekwanguliwa rangi sentimita moja. Mimi nilipoomba vipimo mara ya pili aliniambia wateja wengine wanasubiri.

Aliyekwisha kununua kwake asifunge pete kwanza. Pitisha ukucha polepole urefu wote wa blanki, ukisikia vinundu vya kuzunguka kila baada ya nafasi, hizo ni pete za mtu mwingine. Mlioko Likoni na Mtongwe leteni kwangu, mita ninayo na sitozi. Ile ya fibaglasi nimeiacha ukutani bila rangi nusu, mteja akija na neno 40T namkabidhi aishike kabla hatujaongea bei.