Auto DJ ya Mixxx na wenzake: kuunganisha inaweza, kuchagua ngoma ni kazi yako

Niseme mapema tu, hizi programu zinazojimiksia ngoma zenyewe bila DJ zinafanya kazi. Kazi yenyewe ni ndogo, ni ile ya kuhakikisha ngoma moja haiishi pakabaki kimya watu wakaanza kutazamana, ila kwa sherehe ya nyumbani hicho ndicho kinachowasumbua wengi, maana mwenye sherehe anataka kukaa na wageni wake sio kukodolea macho kompyuta usiku kucha. Ukiitaka kwa hilo utafurahi. Ukitegemea iwaangalie watu usoni ijue sasa hivi wamechoka wanataka kitu cha taratibu, hapo utalalamika sana.

Ninayoizungumzia zaidi ni Mixxx, kwa sababu ni ya bure kweli kweli, hamna siku 14 za kujaribu wala kitufe cha kulipia kilichojificha, inaingia Windows, macOS na Linux, na ndani yake kuna sehemu inaitwa Auto DJ. Ukiifungua mara ya kwanza inatisha, deki mbili (sehemu mbili za kupigia ngoma), mawimbi (michoro ya sauti) yanakimbia, vitufe vidogo vidogo kila kona. Usihangaike navyo. Kushoto kuna orodha, humo utaiona Auto DJ, unaburuta ngoma zako unazitupia humo, unabonyeza kuwasha, basi imeanza. Kuna jambo moja tu linalowachanganya wanaoanza: haikubali kuwashwa kama deki zote mbili zinapiga, inataka moja iwe imesimama, na kama ulikuwa unachezea deki ya 3 na ya 4 nazo uzisimamishe kwanza. Inakuandikia ujumbe kabisa kwenye skrini, ila watu wanaufunga bila kusoma halafu wanasema programu mbovu.

Sasa twende kwenye utamu wenyewe, yaani namna inavyopishanisha ngoma. Ukiiacha ilivyokuja inatumia sekunde 10, ngoma ya kwanza inashuka na ya pili inapanda ndani ya muda huo, na hizo sekunde unaweza kuzipunguza au kuziongeza. Halafu kuna namna kadhaa za kuchagua, na hapa ndipo wengi wanapita bila kugusa wakati ndio moyo wa kitu chote. Kuna inayopiga ngoma nzima toka mwanzo mpaka mwisho, kuna inayofanya hivyo hivyo ila inaruka ule ukimya wa mwanzoni na mwishoni (faili nyingi zina sekunde kadhaa za kimya na ndizo zinazoua sherehe), na kuna mbili zinazofuata alama za intro na outro (kipande cha kuingilia na cha kutokea) ambazo zilikuja na toleo la 2.3 mwaka 2021. Alama zenyewe ziko hivi: Mixxx inajua yenyewe sauti inaanzia wapi na inaishia wapi, lakini intro inaishia wapi na outro inaanzia wapi hiyo unaiweka wewe kwa mkono, ngoma moja moja. Ni kazi, sibishi. Ila kaa jioni moja uweke alama kwenye zile ngoma unazojua lazima zitapigwa, halafu sikiliza tofauti. Ngoma inayotoka inabaki na kiki (ule mdundo mzito wa ngoma) na besi tu, inayoingia inaleta kiki zake taratibu, sauti ya mwimbaji inaingia wakati mwenzake ameshanyamaza, mtu aliyeko jikoni anadhani kuna DJ pale sebuleni. Usipoweka alama unabaki na zile sekunde zako tu, na sekunde hazijui kama mwimbaji bado yuko katikati ya sentensi.

Mapigo nayo yana mambo yake. Programu zote hizi zinapima BPM, mapigo kwa dakika, kabla ya kupiga ngoma. Kwenye haus na ngoma nyingine zilizotengenezwa na kompyuta, hizi za 120 mpaka 130, inapatia karibu kila mara kwa sababu mdundo hautikisiki toka mwanzo mpaka mwisho. Ukiwasha sync kwenye deki zote mbili, ngoma inayoingia inavutwa ifuate mwendo wa inayotoka na kiki zinaangukiana vizuri. Shida inaanza pale kipimo kinapotoka mara mbili au nusu ya ukweli, ngoma ya 70 inasomwa 140, au ya 170 inasomwa 85. Kwenye miksi yenyewe mara nyingi haileti balaa kwa sababu mapigo bado yanagawanyika sawa, ila ukipanga orodha kwa BPM utashangaa wimbo wa kubembeleza umekaa katikati ya ngoma za kurukaruka. Pita kwenye ile safu ya BPM kwa macho tu, inayokaa vibaya unaijua, kuna kitufe cha kuzidisha mara mbili na cha kugawa kwa mbili.

Balaa lenyewe ni muziki uliopigwa na watu. Mpiga ngoma mwenye mikono sio saa, anaongeza kasi pale wimbo unapochemka na anarudi nyuma kidogo, na programu ikishamchorea mistari iliyonyooka toka mwanzo mpaka mwisho basi mistari na mapigo vinaachana. Chukua rumba ya Kongo yenye sebene. Mwanzo taratibu, watu wanaimba imba, halafu baada ya dakika kadhaa magitaa yanawaka mwendo unabadilika na hapo ndipo kila mtu anainuka. Auto DJ yoyote unayoiambia ikate nyimbo dakika ya tatu ili sherehe iende haraka itakukatia kabla sebene halijaanza, yaani unawapa watu salamu unawanyima chakula. Nyimbo za aina hii zima sync, chagua ile namna ya kupiga ngoma nzima na kuruka ukimya, iache ifike mwisho wake wenyewe. Kwenye mipangilio ya Mixxx ya mapigo kuna pia sehemu ya kudhani mwendo haubadiliki, kama makusanyo yako mengi ni ya bendi basi itoe hiyo tiki.

Ukubwa wa sauti sitauzungumzia sana maana kwa kweli wamemaliza. Mixxx inapima kila faili na kusawazisha, wimbo wa zamani uliorekodiwa chini na wa juzi uliorekodiwa kwa makelele vinatoka karibu sawa. Kwa mtu aliyezoea kukimbilia spika kila wimbo unapobadilika, hili peke yake linatosha kuiweka kwenye kompyuta.

Ila tusidanganyane, Auto DJ ya Mixxx inasogeza krosifeda tu, kile kitelezi cha kuhamisha sauti toka deki moja kwenda nyingine. Haikati besi ya ngoma moja kupisha besi ya nyingine kama DJ anavyofanya kwa vidole, kwa hiyo besi mbili nzito zikikutana ndani ya zile sekunde 10 utasikia matope. Dawa ni kufupisha mpito, sekunde 4 au 5 kwa ngoma nzito inatosha kabisa. Kwenye hili djay, programu ya kampuni ya Algoriddim, iko mbele, wana miksi inayotumia akili bandia, inatafuta yenyewe pa kutokea na pa kuingilia, inacheza na besi na filta, na inaweza kutenganisha sauti ya mwimbaji na ngoma na vyombo palepale muziki unapiga. Na iko kwenye simu na tableti pia, wakati Mixxx ni kitu cha kompyuta. Utamu mwingi wa djay ni wa kulipia lakini, usajili, sasa hapo ni wewe na mfuko wako. VirtualDJ, programu nyingine ya aina hii, nayo ina automix (miksi ya kujiendesha) nzuri na ni bure kwa matumizi ya nyumbani ilimradi hujaunganisha vifaa vya kidijei vya kitaalamu, nafasi nzuri kwa anayetaka kitu katikati ya hizo mbili.

Na kabla hujapakua chochote jiulize unataka nini. Kama unataka tu pasiwe na kimya kati ya nyimbo, Spotify yenyewe ina mpito wa mpaka sekunde 12 kwenye mipangilio, na Apple Music kwenye iOS 26 ya mwaka 2025 ina AutoMix inayojaribu kulinganisha mapigo. Kuna watu wanahangaika na deki na mawimbi kumbe walichohitaji kiko mfukoni siku zote.

Suala la nyimbo zinatoka wapi linastahili tahadhari. Mixxx inapiga faili zilizo kwenye kompyuta yako, hamna huduma ya kusikilizia mtandaoni, na zile nyimbo ulizohifadhi ndani ya apu ya kulipia kila mwezi haziwezi kufunguka humo kwa sababu zimefungwa kwa ufunguo wa apu. Wengine wanaona huu ni udhaifu. Mimi naona usalama. Spotify iliondoka kwenye programu za kidijei Julai 2020, watu waliokuwa wamejenga orodha zao zote huko wakabaki wanaangalia skrini, ikarudi Septemba 2025 kwenye djay na programu nyingine za madijei, Serato na rekordbox, za kompyuta kwa wenye akaunti za kulipia. Miaka mitano hiyo. Faili lako halikufanyii hivyo. Kuna apu moja nyingine, jina naliacha, iliamua katikati ya sherehe kuniomba nithibitishe upya akaunti, muziki kimya, intaneti inasuasua, na watu wazima wamesimama na glasi mikononi wananiangalia mimi kana kwamba ndiye niliyeiandika hiyo programu. Toka hapo kitu chochote cha sherehe lazima kipige bila intaneti ndio nakiamini.

Halafu kuna hili la blututhi ambalo nalipenda. DJ wa mikono anaikimbia spika ya blututhi kwa sababu sauti inachelewa, anabonyeza sasa anasikia baadaye, hawezi kulinganisha chochote. Auto DJ haijali kabisa. Ulinganisho unafanyika ndani ya kompyuta kabla sauti haijatoka, ngoma zote mbili zinachelewa kwa pamoja, kwa hiyo zinafika kwenye spika zikiwa zimeshakaa sawa. Yaani kama huna mixa wala nyaya una spika moja tu ya blututhi, wewe ndiye mteja halisi wa hiki kitu. Zima tu milio ya taarifa na uiambie kompyuta isilale, maana mlio wa meseji kupitia spika kubwa unawashtua watu wote mlangoni.

Kama unataka kujifunza udijei, je inafundisha? Inafundisha ukikaa nayo. Iache imiksi halafu tazama mawimbi mawili yanavyopandana, utaona haraka kwamba muziki wa kucheza unaenda kwa mafungu, mapigo 4 yanafanya baa, baa 8 zinafanya fungu la mapigo 32, na mpito unaoanza mwanzoni mwa fungu unasikika wa kawaida wakati ule unaoanza katikati unasikika kama mtu amedakia maongezi. Ukishaona hivyo anza kuinyang'anya kazi kidogo kidogo. Kuna kitufe cha kulazimisha mpito uanze sasa hivi, anza na hicho, wewe uchague ni lini na yenyewe ifanye kupishanisha. Baadaye shika besi kwa mkono wakati inapishanisha. Anayeiacha ifanye kila kitu mwaka mzima atabaki palepale alipoanzia, hilo halina mjadala.

Foleni ndiyo inayobeba sherehe. Auto DJ haitakupangia ipi ifuate ipi, inapiga ulivyoweka au inachanganya ovyo ukiiambia ichanganye, na kuchanganya ovyo ndiko kunakoleta 125 ikifuatiwa na 75 halafu 140, watu wanakaa chini. Panga kwa makundi, za taratibu watu wanapoingia, za mwendo wa kati, halafu zile za jasho, na ndani ya kundi usiruke zaidi ya mapigo matano sita kwa wakati. Changanua nyimbo zote siku moja kabla, maana kompyuta ya zamani ikianza kupima BPM huku inapiga inaweza kukwamakwama. Na kumbuka kila ngoma ikishapigwa inaondoka kwenye foleni, ikiisha foleni muziki unaisha, kwa hiyo washa kurudia au weka nyimbo za saa mbili zaidi ya unavyodhani, kwa sababu wageni wanaosema wanaondoka sasa hivi hawaondoki.