Ukumbi wa dansi Ngamiani: sakafu safi, ila meza zirudi ukutani

Kama unapenda rumba ya kushikana, bendi ikipiga mbele yako na masikio yasiume, njoo ukumbi huu wa Ngamiani, hapa Tanga, Jumapili jioni. Kiingilio ni shilingi 5,000. Kwa nje hauna mvuto: ukuta wa kijani uliopauka, na muuza kachori kando ya mlango. Kachori zinunue kwake, za ndani zinakaa sana.

Sakafu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Ni saruji ya zamani iliyosuguliwa miaka hadi ikawa laini. Kumbi mpya zinaweka vigae. Soda ikimwagika mtu anaanguka, na ikikauka soli inanasa, mguu haugeuki. Hapa unageuka utakavyo. Akimwaga mtu kinywaji, kijana wa ukumbi anakuja mara moja na tambara, anafuta, halafu anasimama palepale mpaka pakauke. Mimi ni fundi cherehani, na gauni kadhaa zinazochezwa humo nimezishona mwenyewe, kwa hiyo macho yangu yako kwenye pindo. Sakafu ikiwa nzuri pindo linazunguka lote kwa pamoja. Ikiwa mbaya, utaona mama anakanyaga kwa woga na gauni limemlalia miguuni.

Fundi mitambo wao naye anajua kazi. Gitaa la solo unalisikia, la rithim unalisikia, na bado unaweza kumwuliza jirani hali ya wanawe bila kupiga kelele. Mpiga rithim ni mzee asiye na haraka, anaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo mchezaji anamoweka hatua. Upigaji huo ni wa hapa. Miaka ya 1960 Tanga ilikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji ukila kwa mkonge, bandari na reli, na mshahara ukitoka watu wanakwenda dansini. Wanamuziki Wilson na George Peter Kinyonga, mtu na ndugu yake, walipita Jamhuri kabla ya kwenda Arusha, kisha Nairobi, ambako bendi yao ya Simba Wanyika ilizaliwa mwaka 1971. Mimi nikizisikia gitaa za Simba Wanyika zinavyojibizana, nasikia Tanga.

Mnamo saa mbili usiku bendi hiyohiyo inageukia taarabu. Wageni wa Dar hushangaa, wanadhani wamebadilishiwa shughuli. Lakini ni Tanga hii ambako vikundi vya Black Star na Lucky Star viliipigia taarabu gitaa na besi kwa mwendo wa dansi, na Shakila binti Said akaiimba. Basi waliokuwa wakicheza chacha wanakaa, na kina shangazi waliokuwa wamekaa wanainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji. Nimemwona mama mmoja akitunza beti lilelile mara tatu, uso kaugeuzia meza ya pembeni. Ujumbe ulifika. Yule wa meza ya pembeni aliagiza maji.

Mwanamke anaweza kuja peke yake, na hili naliweka juu kuliko yote. Mwanamume anakuja mezani, anasema, "Dada, tucheze hii?" Ukisema umechoka, anashukuru na kuondoka. Anayevuta mkono, mzee wa mlangoni humtoa nje, hata awe mnunuzi mkubwa kiasi gani.

Sasa lawama. Tangu ukumbi ufunguliwe tena baada ya Ramadhani, mwenyewe ameweka meza za VIP mbele ya jukwaa, juu ya sakafu ileile niliyoisifu. Wenye meza hawachezi, wanapiga picha. Wachezaji wamesukumwa kwenye njia ya chooni, mnagongana na watu wanaopita na chupa. Wazee wawili waliokuwa wakifungua dansi kila Jumapili siku hizi wanakaa tu na kutikisa vichwa. Ndugu yangu mwenye ukumbi, bia ya meza hizo inalipa, naelewa, lakini hao wa picha wanakuja kuwatazama hao wazee. Zirudishe ukutani, nafasi ipo.

Kwa sasa fika saa kumi na moja, kabla VIP haijajaa, sakafu ikiwa bado wazi. Kaa kushoto, upande wa mpiga rithim. Na uvae soli ya ngozi.