OGame: ghala lilijaa nikiwa kwenye karafuu

Nacheza OGame hapa Wete mwaka wa pili sasa, kwa simu, nikishafunga duka. Ni gemu la zamani la Wajerumani, la mwaka 2002. Halina mapicha mengi, kwa hiyo halili bando. Unachimba metali, kristali na deuteriamu kwenye sayari zako, na migodi inafanya kazi hata ukilala. Lakini ghala likijaa, mgodi unasimama.

Hapo ndipo nilipoumia. Msimu uliopita nilikwenda Mtambwe kwa babu kuchuma karafuu, tangu Ijumaa saa 2 asubuhi hadi Jumatatu saa 12 jioni, na simu ikaishiwa chaji siku ile ile ya kwanza. Mgodi wangu wa metali ni leveli ya 20. Kwa kasi ya kawaida ya gemu unatoa kama 4,066 kwa saa. Ghala leveli ya 5 linachukua 255,000, na nilikuwa nimeacha 60,000 ndani. Jumatatu nawasha simu, vidole bado vinanuka karafuu, naikuta namba ya metali nyekundu. Nikapiga hesabu: mgodi umesimama tangu Jumapili asubuhi. Saa 34, metali kama 138,000, zimepotea. Na kulipandisha ghala leveli ya 6, linalochukua 470,000, ni metali 32,000 tu, yaani uchimbaji wa saa 8!

Na kule shamba babu hakuita wachumaji mpaka alipohesabu majamvi ya kuanikia. "Mjukuu wangu, karafuu mbichi ukizirundika zinapata joto, zinapauka. Nani atazinunua?" Nikaitikia "ndiyo, babu", wala sayari yangu haikunijia akilini.

Sasa sipandishi ghala kwa sababu mgodi umepanda. Naangalia saa nitakazokuwa mbali. Ukiingia asubuhi na jioni, ghala leveli ya 3 (75,000) linautosha mgodi kama wangu saa 18. Ila kuna bei ya ujenzi unaofuata: mgodi leveli ya 21 unataka metali karibu 199,500, na ghala leveli ya 4 linaishia 140,000. Utangoja milele, labda meli zikuletee kutoka sayari nyengine, maana mzigo wa meli unaingia hata ghala likiwa limejaa. Kwa hiyo leveli ya 5 ni lazima, na ya 6 kabla ya safari yoyote ya siku tatu.

Ghala kubwa lisikupe usingizi, lakini. Mchezaji mwengine akikuvamia, kwa kawaida hubeba nusu ya anachokikuta. Mimi usiku napakia kwenye meli kubwa za mizigo, kila moja inabeba 25,000, nazipeleka safari ndefu ya mwendo wa pole mpaka alfajiri, mvamizi asikute kitu.

Tangi la deuteriamu sijaligusa. Meli zinainywa yote kabla halijafika nusu.