Ndoano ya trela kwenye Jeep Cherokee yenye kutu: kuchomelea au kufunga bolti?

Cherokee ya kizazi cha XJ (1984–2001) haina chesi iliyotengana na bodi. Ndoano hushikwa na mihimili ya bati iliyo sehemu ya bodi, na kutu huila kuanzia ndani.

Kuchomelea kishikio cha ndoano moja kwa moja ni haraka, lakini bati lililoliwa hutoboka kwa moto, na joto huunguza rangi ya ndani, kutu ikaanza upya. Bolti zina kazi zaidi: pleti ndefu za milimita 5 ubavuni zigawe mzigo, na vipande vya bomba ndani ya mhimili ili usipondeke ukikaza nati. Mimi nachagua bolti. Ila mhimili ukibonyea kwa nyundo, kata na uchomelee bati jipya kwanza, tangi la mafuta likiwa limeshushwa.