Semina ya maamuzi ya Ulaya kwa wasafirishaji wa samaki, Mwanza: imejaa elimu, ila sangara amesahauliwa

Semina hii ya kutwa, iliyofanyika Capri Point kwa ajili ya maofisa wa viwanda vya minofu na mawakala wa forodha, iliahidi kueleza jinsi serikali za nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya zinavyoratibu misimamo yao kabla ya kuketi Brussels. Katika mji ulioonja makali ya marufuku ya mwaka 1999, Ulaya ilipowakataa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, somo hilo si la anasa, na ada yake, ingawa si ndogo, inalipika.

Sehemu iliyonivutia zaidi ilihusu Ufaransa. Mkufunzi alieleza kwa utulivu namna ofisi ya SGAE, yaani sekretarieti kuu ya masuala ya Ulaya, iliyo chini ya Waziri Mkuu na yenye chimbuko lake mwaka 1948, inavyozikutanisha wizara zinazovutana, kusuluhisha au kupeleka mvutano ngazi ya juu, kisha kutuma maelekezo kwa uwakilishi wa kudumu wa nchi hiyo huko Brussels, ili Ufaransa isiwe na kauli mbili mezani. Ujerumani ni kinyume chake: kila waziri ana madaraka katika wizara yake, na vyama vya serikali ya mseto visipoafikiana, mjumbe wao hujizuia kupiga kura. Kwa kuwa wingi wa kura katika Baraza, yaani kikao cha mawaziri wa nchi wanachama, kwa kawaida hudai asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu, kujizuia huko kuna uzito uleule wa kupinga. Hapo wakala mmoja akauliza swali lililoizidi mada yenyewe: mwenye shehena ambembeleze nani, Brussels au Berlin? Akajibiwa aanzie kwenye wizara iliyoshika jalada, kabla hoja haijafika kwa mabalozi wanaoandaa vikao vya mawaziri.

Denmark ilipitiwa mbiombio, jambo la kusikitisha, kwani huko waziri huomba kwanza ridhaa ya kamati ya bunge, naye huipata mradi wingi wa wabunge haujampinga.

Kijitabu tulichogawiwa bado kinaihesabu Uingereza, iliyojitoa tarehe 31 Januari 2020. Hilo linarekebishika kwa kalamu. Upungufu mkubwa ni kwamba hatua za dharura kuhusu usalama wa chakula kwa kawaida hazisubiri mawaziri: Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja huo, huandaa rasimu, na wataalamu wa nchi wanachama huipigia kura katika kamati ya kudumu. Njia hiyo, ambayo ndiyo inayogusa minofu yetu, haikutajwa hata mara moja, ilhali saa nzima ilitumika kwenye historia ya mikataba.

Ofisa ubora mgeni wa mambo ya Ulaya na ahudhurie. Aliyezoea vyeti vya afya na ukaguzi wa shehena asubiri waandaaji waongeze kipindi cha kamati hiyo, au adai nafuu ya ada.